BINTI MKIMYA, JE, NDIYE BINTI MTIIFU?

Iko sifa moja ambayo wengi wetu twapenda kumpa binti aliyelelewa vema: kwamba ni mkimya. Wageni wakija nyumbani, hupiga magoti na kuwaamkia, huwatengea chakula, kisha hurudi jikoni. Akiulizwa neno, hutazama chini. Akitumwa, huenda bila kuuliza. Majirani humsifu mama yake, na baba yake huona fahari, maana nyumba yake yaonekana kuwa na adabu. Wala sisi hatukusudii kuidharau adabu hiyo. Heshima kwa wakubwa ni mali tuliyoachiwa na wazee wetu, na taifa liipotezalo litakuwa maskini hata likijaa barabara na viwanda.

Lakini wasomaji wetu wapenzi watuwie radhi tukiuliza swali juu ya jambo hilo tulisifulo. Je, ukimya huo ni utii kweli? Au ni kitu kingine kifananacho na utii kwa nje tu, kama shaba iliyosuguliwa ifananavyo na dhahabu? Swali hili si la wataalamu peke yao. Kila mzazi aliye na binti wa miaka 12 au 13 hulijibu kila siku, ajue asijue, kwa namna amsikilizavyo binti huyo au amnyamazishavyo.

Tuanze na maana ya utii wenyewe. Ng'ombe akivutwa kwa kamba mpaka mnadani, hakuna asemaye kuwa ng'ombe huyo ni mtiifu. Jiwe likitupwa likaanguka, halikumtii aliyelitupa. Utii ni tendo la mtu mwenye akili na hiari: husikia agizo, hulifahamu, hulipima moyoni, kisha huitoa nia yake mwenyewe kama zawadi. Ndiyo sababu utii una thamani mbele ya Mungu. Basi, kitolewacho kwa hiari ni lazima kiwe kingeweza kukataliwa. "Ndiyo" ya mtu ambaye hakuruhusiwa kamwe kusema "hapana" si ndiyo. Ni mwangwi tu wa sauti ya mwingine. Mzazi amnyamazishaye binti yake tangu utoto akidhani kwamba amfundisha utii, kwa kweli amnyang'anya kitu kile kile ambacho kwacho angaliweza kutii.

Hebu tutazame mfano ulio mkubwa kupita yote. Mwinjili Luka atusimulia habari za malaika Gabrieli alipotumwa Nazareti, kijiji kidogo cha Galilaya, kwa binti mmoja aliyekuwa ameposwa. Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu kwa neno, hakushindwa kuamuru. Hata hivyo alituma mjumbe, na mjumbe alileta habari, kisha akangoja. Na Maria hakujibu mara moja. Kwanza alifadhaika, akawaza. Halafu akauliza jinsi jambo hilo litakavyowezekana. Malaika hakumkemea kwa kuuliza, wala hakumwambia kwamba binti mwema haulizi. Alimweleza. Ndipo Maria alipotoa jibu lake, na kwa jibu hilo wokovu wetu ukaingia duniani. Twamwita Maria kielelezo cha utii, na ni haki. Lakini tusisahau kwamba utii wake ulipitia katika swali. Ikiwa Mungu mwenyewe aliingoja sauti ya binti, ni baba gani wa duniani atakayeona haya kuingoja?

Mafundisho ya Kanisa yameifuata njia hiyo tangu zamani. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, afundisha katika kitabu chake kikuu cha teolojia kwamba watoto hawafungwi kuwatii wazazi wao katika jambo la kufunga ndoa au la kukaa katika ubikira. Yeye alijua alichokisema, maana ndugu zake walimkamata mwaka 1244 na kumzuia nyumbani muda mrefu, ili aiache nia yake ya kuwa mtawa wa Mtakatifu Dominiko. Mtaguso wa Trento, katika mwaka 1563, uliwatenga na Kanisa watu wamlazimishao mwanamke kuingia utawani bila hiari yake, na vile vile wale wamzuiao pasipo sababu ya haki. Sheria za Kanisa zasema waziwazi kwamba ndoa hufanywa na hiari ya wale wawili, na kwamba hakuna mamlaka yoyote ya kibinadamu iwezayo kuitoa hiari hiyo mahali pao. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa Desemba 1965, ulihuzunika kwamba mahali pengine mwanamke hunyimwa haki ya kumchagua mume kwa hiari, au ya kuchagua aina ya maisha, au ya kupata elimu sawa na ya mwanamume.

Wako watakaosema: "Hayo ni mambo ya kigeni. Kwetu sisi binti hakuulizwa." Twawaomba watu hao wawaulize tena wazee wao. Katika makabila mengi, mshenga alipokwisha kuleta habari ya posa, shangazi au bibi alikaa faraghani na binti na kuuchunguza moyo wake. Na mara nyingi neno alilorudi nalo bibi lilikuwa na nguvu. Kwa Wakikuyu wa Kenya, pombe iliyoletwa na upande wa mchumba haikunywewa mpaka binti mwenyewe ameulizwa kama inywewe; na alipokubali, yeye ndiye aliyeonja kwanza kisha akampa baba yake. Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na mabinti waliolazimishwa. Walikuwako, na wengi. Twasema tu kwamba mila zilijua kwamba neno la binti lina uzito, na zilimwekea mahali pa kulisema. Siku hizi shangazi yuko mbali mjini, bibi haulizwi, na mahari yahesabiwa kwa fedha taslimu. Tumeubakiza ukimya wa mila, tukaitupa sikio lake.

Tena Maandiko Matakatifu yatupa habari isiyosomwa mara nyingi. Katika Kitabu cha Hesabu wametajwa mabinti watano wa Selofehadi, nao ni Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifariki jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi urithi wake ungalipotea. Mabinti hao hawakunung'unika jikoni. Walikuja wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani Eleazari na wakuu na mkutano wote, wakaeleza shauri lao. Na Musa, ingawa alikuwa mkuu wa taifa zima, hakuwafukuza. Alilipeleka neno lao mbele ya Bwana, na Bwana akasema kwamba wanenavyo ni haki. Ndipo sheria ya urithi ilipowekwa kwa vizazi vyote. Sauti ya mabinti watano iliongeza sheria katika Israeli. Twajifunza hapo mambo mawili: kwamba wao walisema kwa adabu na kwa hoja, na kwamba kiongozi alikuwa na masikio.

Sasa tumtaje binti wa Afrika. Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa huko Darfuri, katika nchi ya Sudani, karibu na mwaka 1869. Wafanya biashara ya watumwa walimteka angali mtoto mdogo. Aliuzwa na kuuzwa tena, akapigwa, mwili wake ukachanjwa kwa wembe. Hata jina alilopewa na wazazi wake lilimtoka kwa hofu, likabaki lile la Bakhita aliloitwa na watekaji, yaani mwenye bahati. Mwaka 1885 alipelekwa Italia, akakaa na familia moja kama yaya wa mtoto wao. Wakati fulani aliachwa huko Venezia kwa Masista Wakanosa, na kwao akamjua Mungu ambaye, bila kumjua jina, alikuwa akimwaza tangu utoto alipozitazama nyota.

Mwaka 1889 bibi mwenye nyumba alirudi kumchukua, ili waende pamoja Afrika. Bakhita akakataa. Tufikiri vema jambo hili. Huyu hakuwa mtu mwenye shule, wala fedha, wala ndugu. Tangu utoto alikuwa amefundishwa neno moja tu, nalo ni kutii. Na bibi yule hakuwa adui yake. Bakhita alimpenda, na kumwacha yule mtoto aliyemlea kulimwumiza. Lakini aliona kwamba akienda, ataipoteza imani aliyoanza kuipata, naye akasema kwamba haendi. Shauri lilifika mbele ya wakuu wa Kanisa na wa Serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru, kwa kuwa utumwa haukutambuliwa na sheria ya Italia. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Baadaye akawa sista, akatumikia kwa unyenyekevu mkubwa jikoni, mlangoni na kanisani, mpaka alipofariki huko Schio tarehe 8 Februari 1947. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Twaona basi: mwanamke aliyesema "hapana" moja kubwa ndiye aliyeishi zaidi ya miaka 50 katika utii wa kitawa, kwa furaha. Mambo hayo mawili hayapingani. Kama asingaliweza kukataa mwaka 1889, nadhiri zake za baadaye zingalikuwa utumwa wa namna nyingine tu. Kwa kuwa alikuwa na sauti, alikuwa na kitu cha kumtolea Mungu.

Inatupasa sasa kusema jambo gumu, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Ukimya tuufundishao mabinti wetu haukai mahali tuuwekapo. Twautaka sebuleni mbele ya wageni. Lakini binti huenda nao kila mahali. Huenda nao shuleni, na mwalimu mwovu anapomwita pembeni, akumbuka kwamba mkubwa habishiwi. Huenda nao kwa mjomba, kwa mwenye duka, kwa dereva wa pikipiki amchukuaye kila asubuhi. Huenda nao mjini, anapopelekwa na miaka yake 13 kufanya kazi za nyumbani kwa watu asiowajua, bila mtu hata mmoja kumwuliza kama ataka kwenda. Mtu mbaya hamchagui binti kwa uzuri wake tu. Humchagua yule amwonaye kuwa hatasema. Hivyo sifa tuliyompa kuwa pambo, mwovu huitumia kuwa kufuli. Na siku mambo yanapofichuka, sisi tuliomfundisha kunyamaza ndio wa kwanza kumwuliza: "Mbona hukusema?"

Wala tusidhani kwamba hatari hiyo iko nje ya ua wa kanisa. Mwenye kuvaa kanzu naye ni mwanadamu. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika mwaka 2019, aliweka sheria iwapasayo mapadre na watawa kutoa taarifa kwa wakuu wao wapatapo habari ya udhalimu wa namna hii. Binti anapaswa kujua, tangu siku ya kwanza ya katekisimu, kwamba amri ya nne haimfungi kunyamaza mbele ya dhambi, awe ni nani aitendaye. Amri hiyo yatuagiza kuwaheshimu wakubwa. Haikumpa mkubwa awaye yote ruhusa ya kumwamuru mtoto atende au avumilie uovu.

Nchi yetu nayo imekwisha kuweka sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili. Lakini sheria hiyo hiyo ilimkubali binti wa miaka 15 kuolewa, kijana wa kiume akitakiwa kuwa na miaka 18. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alilipeleka jambo hilo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Katika mwaka ule ule wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu amwoaye mwanafunzi au ampaye mimba. Na Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya kujifungua waweza kurudi shuleni. Hayo yote ni mema. Lakini sheria haina macho ya kuona yafanyikayo usiku ndani ya nyumba. Yalala kabatini mpaka mtu aiamshe, na aliye karibu zaidi na jambo lenyewe ni yule binti. Sheria bila sauti yake ni kisima kirefu kisicho na kamba.

Wazazi wengine wataogopa na kusema: "Tukimpa sauti, atakuwa mjuvi. Atatujibu jeuri. Atachagua mhuni." Hofu hiyo si ya bure, na hatuidharau. Wako vijana wa kike na wa kiume ambao wamejifunza maneno mengi bila kujifunza hekima. Lakini tutofautishe sauti na kelele. Kelele yataka kushinda. Sauti yataka kueleweka. Mjuvi hujibu kabla ya kusikia; mwenye sauti husikia kwanza, kisha hujibu. Tena kwa kawaida ni yule aliyezibwa mdomo miaka mingi ndiye apasukaye siku moja kwa jeuri, kama maji yaliyozuiwa yapasuavyo ukingo. Wazee walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Binti aliyezoea kusikilizwa na baba yake hana haja ya kupiga kelele, wala hadanganyiki upesi na mtu wa kwanza njiani amwambiaye maneno matamu. Maana amekwisha kujua mtu mwenye kumthamini anavyosema.

Na kumsikiliza si kumwachia kila atakalo. Baba hubaki baba. Yako mambo mengi ambayo mtoto wa miaka 13 hawezi kuyaamua, na mzazi anayemwachia amekimbia wajibu wake. Lakini kuamua baada ya kusikia ni tofauti na kuamua kana kwamba hakuna mtu aliyeketi pale. Mtume Paulo, baada ya kuwaagiza watoto kuwatii wazazi, aliwageukia mara moja akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Amri hizo mbili zimewekwa pamoja, na asomaye moja na kuiacha nyingine ameyasoma Maandiko nusu.

Tufanye nini basi? Mzazi na aanze na mambo madogo. Amwulize binti yake wakati wa chakula cha jioni maoni yake juu ya shamba, juu ya masomo, juu ya mahubiri ya Jumapili. Na akisha kuuliza, angoje jibu. Mtoto hajifunzi kusema makubwa siku ya hatari ikiwa hakuzoea kusema madogo siku ya amani. Mama amwambie binti yake waziwazi kwamba hakuna siri ya mwili wake ambayo hawezi kuileta kwake, naye aape moyoni kwamba ikiletwa hatampiga wala hatamcheka. Anayetaka kumpeleka binti kazini mjini, kwanza amwulize, na pili aende mwenyewe akaione nyumba hiyo.

Mapadre na makatekista wana wajibu wao pia. Kabla ya ndoa, padre humhoji kila mmoja peke yake. Mahojiano hayo yasiwe ya kujaza karatasi tu. Pale ofisini, mbali na baba na mshenga, ndipo binti anapoweza kusema, pengine kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwamba moyo wake haumo. Katika ibada yenyewe wachumba huulizwa kama wamekuja kwa hiari bila kulazimishwa. Ni aibu iliyoje swali hilo likiulizwa mbele ya altare kwa binti ambaye jibu lake limekwisha kuuzwa nyumbani!

Na tusiwasahau vijana wetu wa kiume. Kazi kubwa ya malezi haya ni yao. Kijana aliyekua akiona dada zake wakinyamazishwa atamtafuta mke wa kunyamazishwa. Afundishwe mapema kwamba neno "hapana" la msichana ni neno kamili, na kwamba kimya chake si ruhusa.

Nanyi mabinti wetu, mnaosoma gazeti hili au mnaosomewa: msidhani kwamba Kanisa lawataka muwe wapole kwa kuwa hamna la kusema. Mmebatizwa, na katika Kipaimara mmepakwa mafuta ili muwe mashahidi. Na shahidi asiyesema si shahidi. Jifunzeni kusema kwa adabu, kwa kweli na kwa wakati wake. Waheshimuni wazazi wenu, na mwaambie yaliyomo mioyoni mwenu. Mkitendewa uovu, mwambieni mtu. Na mtu huyo asiposikia, mwambieni mwingine, mpaka apatikane asikiaye. Kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Yosefina Bakhita, aliyesahau jina lake lakini hakusahau kusema, awaombee mabinti wote wa Afrika. Na awaombee baba zao neema ya kusikia.